Mshono wa Ijumaa

Dominiko alikuwa fundi mkuu wa kuchomelea katika karakana ya shirika pale Morogoro, na kila aliyefanya kazi humo alijua kwamba mshono wa Dominiko haupindi. Alijua kwa sababu Dominiko mwenyewe alimwambia. Aliwaambia wageni, akawaambia wanafunzi, akamwambia hata mkewe Theresia, ambaye hakuwa na haja ya kujua. Matrela yaliyobeba mahindi ya Gairo, milango ya maghala ya vijiji, vitanda vya zahanati: ukiinama ukatazama chini yake, unaona mstari wa chuma kilichoyeyuka kikaganda, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na mwishoni umekunjwa kurudi nyuma kidogo, kimkia. Kimkia kile kilikuwa sahihi yake. Mwingine akijaribu kukiiga, chuma kilimdondokea kama nta ya mshumaa.

Kwa hiyo shirika lilipoamua kujenga jumba la chuma kule Kihonda, jumba la ghorofa la kuwekea mashine za kusokota nyuzi, Dominiko hakungoja kuambiwa. Aliwatumia salamu jamaa zake wa Matombo kwamba siku wakipanda basi la kwenda Dodoma wachungulie dirishani. Jumba watakaloliona limesimama kando ya barabara ndilo lake.

Mhandisi aliyepewa kazi ile aliitwa Mwinjuma, mtoto wa mjini hapohapo, aliyekaa masomoni Ulaya miaka mingi hadi mama yake akakata tamaa ya kumwona. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na hofu moja. Ardhi ilikuwa imetetemeka upande wa Gairo, ukuta wa ghala ukapasuka, na Mwinjuma alikwenda kuutazama. Tangu arudi hakuweza kuchora ghorofa yenye mashine nzito juu bila kuiona inaanguka. Alitaka kwanza kitengenezwe kiunzi kidogo cha jumba lile, kimo cha kufika begani, kipandishwe juu ya meza na kutikiswa kama tetemeko linavyotikisa, ili waone chuma kitafanya nini.

Alimfuata Dominiko kwanza. Hilo lazima lisemwe.

"Mzee Dominiko, shikamoo. Nina kazi yako."

"Marahaba. Jumba?"

"Mfano wa jumba. Hivi, mpaka begani."

Dominiko alivua miwani yake myeusi, akamtazama kijana kutoka juu hadi chini. "Mwanangu, mimi nina umri wa kuchezea midoli?"

Mafundi walicheka. Mwinjuma naye alicheka kidogo, kwa adabu, akaondoka. Kufika mchana akawa amempa kazi ile Shamsia.

Shamsia alikuwa mwanamke peke yake aliyeshika kichomeleo katika karakana ile. Alitoka Jeshi la Kujenga Taifa akijua kuandamana na kulima, na kuchomelea akafundishwa na Dominiko. Dominiko ndiye aliyemshika mkono mpaka ukaacha kutetemeka. Ndiye aliyemfokea, akamtania, akamwambia arudie, arudie tena. Alimwita "mwanangu" mbele ya watu na alimaanisha. Kwa hiyo alipomwona ameinama juu ya michoro na Mhandisi, vichwa vimekaribiana, alihisi kitu kimemwingia kifuani na kukaa, kama mgeni asiyebisha hodi.

Hata hivyo angeweza kustahimili, laiti Meneja asingepita siku ile na kusema kwa sauti, karakana nzima ikisikia: "Atakayechomelea mfano, jaribio likienda vizuri, ndiye atakayesimamia uchomeleaji wa Kihonda. Maana ndiye atakayekuwa anajua."

Dominiko alikuwa ameshika nyundo. Aliiweka chini polepole.

Kuanzia hapo hakufanya kazi, alitazama. Kila akigeuka, ile meza iko palepale. Mwinjuma aliilaza juu ya vipande vya bomba ili iweze kwenda mbele na kurudi, kisha akaifunga kwa mkono wa chuma kwenye injini ya pampu ya maji. Juu yake kiunzi kilianza kuota: nguzo kwanza, kisha boriti za kulala zinazounga nguzo na nguzo. Mafundi waliacha kazi zao wakaenda kuchungulia. Walimpelekea Shamsia maji ya kunywa. Hakuna aliyewahi kumpelekea Dominiko maji.

Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba boriti zilikuwa nyembamba. Nyembamba kuliko nguzo, tena kwa makusudi. Alishindwa kuvumilia, akasogea.

"Hizi zitapinda," alisema.

"Ndiyo, mzee," alijibu Mwinjuma. "Nataka zipinde."

"Unataka?"

Mwinjuma alichukua kipande cha waya, akakikunja na kukikunjua, akakikunja tena haraka haraka. "Chuma ukikipinda kidogo kinarudi. Ukizidisha hakirudi tena, kinabaki vilevile ulivyokipinda. Lakini hakijakatika. Shamsia, gusa hapa, weka kwenye mdomo."

Shamsia aligusisha pale palipokunjwa kwenye mdomo wake, akaruka nyuma akicheka. "Moto!"

"Huo moto ndio nguvu ya mkono wangu. Waya umeila. Tetemeko nalo lina nguvu, na lazima iliwe na kitu. Nataka iliwe na boriti. Boriti zikipinda, jumba litakaa upande, litakuwa baya, lakini watu watatoka. Nguzo zisiguswe. Nguzo zikipinda, ghorofa iko chini." Alimnyooshea Dominiko ule waya. "Jaribu, mzee."

"Nimekwisha kuona waya," alisema Dominiko, akageuka.

Mlangoni mwa stoo alikuwa ameegemea Kibwana, mtunza stoo. Koo zao zilikuwa watani huko mlimani tangu kwa mababu. Kwamba huyu alikuwa Mwislamu na yule Mkatoliki hakukubadilisha kitu. Kibwana aliweza kumwambia Dominiko neno lolote, hata msibani, na Dominiko hakuruhusiwa kukasirika.

"Mtani," alisema Kibwana, "mbona umevimba? Umeumwa na nyuki?"

"Niache, mchawi wewe."

"Sikuachi. Nasikia harufu ya kitu kinaungua, na hakuna aliyewasha moto. Nadhani ni roho yako."

Watu walicheka. Dominiko alicheka pia, kwa kuwa ndiyo desturi.

Nyumbani jioni alilalamika kwamba kabichi haikuiva. Theresia alimwangalia. Yeye alitoka Mgeta, alikozaliwa katikati ya kabichi, na hakuna mtu duniani wa kumfundisha kuzipika.

"Tangu msichana yule apewe kazi," alisema, "chumvi imezidi, ugali mgumu, kitanda kifupi. Ulipewa wewe ukakataa. Sasa mimi nifanyeje?"

"Sikukataa. Nilisema sichezei midoli."

"Basi mwenye mdoli acheze." Akachukua sahani yake.

Jaribio lilipangwa Jumamosi asubuhi. Katika karakana ile Ijumaa mchana ilikuwa saa ya kugawanyika. Waislamu walikwenda kusali, Wakristo walikula viporo vyao nyuma ya jengo, kwenye kivuli. Shamsia alikuwa amemaliza kiunzi na kukipaka chokaa chote, nguzo na boriti, mpaka kikawa cheupe kama mtoto wa komunio ya kwanza. Chokaa ilikuwa akili ya Mwinjuma: chuma kikianza kupinda kiasi cha kutorudi, chokaa iliyokauka juu yake hubanduka, na wewe unaona kwa macho ni wapi pameumia. Shamsia alinawa mikono, akajitanda khanga, akaondoka.

Kabla Kibwana hajafunga stoo, Dominiko alimwomba rodi za kuchomelea.

"Saa hii? Za nini?"

"Trela."

Kibwana alimpa, akatengeneza kofia yake, akaenda msikitini.

Dominiko alibaki na kiunzi peke yao. Alikizunguka. Kazi ya msichana ilikuwa safi, na hilo lilimuuma kuliko kama ingekuwa mbovu. Alijiambia kwamba hafanyi ubaya. Mtu mbaya angelegeza, yeye anakaza. Kesho watakitikisa, watangoja boriti zipinde kama walivyoahidiana na vichwa vyao vilivyokaribiana, na boriti hazitapinda. Zitasimama kidete mbele ya Meneja. Ndipo atasogea na kusema: tazameni chini yake, huo ni mkono wa nani?

Alikata vipande vyembamba vya chuma, akalala chali mezani, akavichomelea chini ya kila boriti, pale inapokutana na nguzo. Waliokuwa wakila nyuma walisikia mlio. Lakini mlio wa kuchomelea katika karakana ni kama jogoo kijijini, hakuna anayegeuza kichwa. Hakuwahi kuchomelea vizuri namna ile. Chuma kilimtii kama kinamwonea huruma. Na mwisho wa kila mshono mkono wake ulifanya wenyewe kile ulichozoea: ukarudi nyuma, ukaacha kimkia. Akapaka chokaa juu, akafungua mlango mzima jua liikaushe. Wenzake waliporudi alikuwa amekaa chini ya trela, anapiga mluzi.

Jumamosi alikuja Meneja, akaja na katibu wa tawi la Chama aliyevaa suti ya mikono mifupi, na mafundi wote wakajipanga ukutani. Viroba vya mchanga vilipakiwa juu ya kiunzi badala ya mashine. Shamsia alichuchumaa karibu kabisa, kuangalia chokaa. Mwinjuma aliwasha injini.

Meza ilianza kwenda mbele na kurudi, taratibu. Mwinjuma aliongeza mwendo. Kiunzi kilinesa kutoka chini hadi juu. Macho yote yalikuwa kwenye boriti, kwa sababu Shamsia alikwisha kuwaambia watu kwamba chokaa itadondoka pale kwenye boriti.

Haikudondoka. Boriti zilinyooka kama siku zilipotoka kiwandani. Dominiko alihisi kifua kimejaa hewa. Alipiga hatua moja mbele.

"Mhandisi," aliita Shamsia, sauti yake si ya kawaida. "Mhandisi, chokaa inatoka kwenye nguzo. Huku chini! Na juu pia!"

"Zima!" alipiga kelele Mwinjuma, akakimbilia injini. Lakini injini ile ilikuwa nzito, haikuzoea kusimama ghafla. Meza ilikwenda mara nyingine, na nyingine, na nguzo zikakunjika kwenye magoti kama mtu aliyepigwa nyuma ya miguu. Ghorofa yote, na boriti zake zilizonyooka, na mchanga wake, ilikuja chini kwa pamoja. Shamsia alijitupa pembeni. Kiroba kimoja kilipasukia pale alipokuwa amechuchumaa.

Alisimama nywele zimejaa mchanga na damu inamtiririka kwenye kiganja. Alikuwa mzima. Dominiko alihakikisha hilo kwanza. Kisha akatazama chuma. Boriti hazikupinda, alijiambia. Zilizokufa ni nguzo, na nguzo kachomelea Shamsia.

Meneja alijipangusa vumbi kwenye koti. Alikuwa na aibu mbele ya katibu, na mtu mwenye aibu huamua haraka. "Basi. Tumeona. Tungejenga hivi Kihonda tungezika watu. Dada, pole, nenda kafunge huo mkono. Kihonda uchomeleaji atasimamia Mzee Dominiko. Kazi ya watu wazima ifanywe na watu wazima."

Mafundi waligeuka kumtazama Dominiko. Wakaanza kumpa mkono. Alikuwa amepata. Aliusikia utamu mdomoni, kama wa muwa. Jumba la kando ya barabara lilikuwa lake, na jamaa wa Matombo wangechungulia dirishani.

"Hongera, mtani," alisema Kibwana, akimkazia macho. "Trela lile limepona?"

"Limepona," alisema Dominiko, na akacheka mapema kuliko wengine.

Mwinjuma hakuwa akisikiliza. Alikuwa amepiga magoti katika mchanga, amepindua kiunzi, anakwangua chokaa kwa kisu. "Lakini hizi boriti," alisema peke yake. "Kwa nini hazikupinda?" Kisu kikagonga kitu. Akakwangua zaidi. "Hiki kipande kimetoka wapi? Na hapa. Na hapa. Shamsia! Mimi nilikwambia uweke hivi?"

Shamsia alikuja, kiganja amekifunga kwa pindo la khanga. Aliinama. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, pole pole, kama kipofu anayetambua uso wa mtu, mpaka mwisho, pale penye kimkia. Kidole kikasimama.

Aliinua macho akamtazama Dominiko. Hakutazama pengine popote. Dominiko aliona kwamba anajua, na akangoja aseme. Alikuwa na jibu tayari: binti ameshindwa, anatafuta wa kumsingizia.

Shamsia hakusema.

"Umeharibu kila kitu," aliendelea Mwinjuma. "Umeifanya boriti iwe na nguvu kuliko nguzo. Ilikataa kupinda, ikazitupia nguzo mzigo wote." Kisha akasogeza jicho karibu na chuma. "Ila mshono wenyewe... Nimeona mafundi wa nchi za watu. Sijaona mshono kama huu. Ndugu Meneja, hebu ona."

Meneja aliinama, akaweka miwani. "Ehee. Kweli. Hata huyu mtu, kuchomelea anajua."

"Asante, Ndugu Meneja," alisema Shamsia. Sauti yake ilikuwa laini kama samli. "Mzee Dominiko ndiye aliyenifundisha. Lakini kwa huu, nadhani nimemzidi."

Kibwana alikohoa, akafunika mdomo.

"Umemzidi," alikubali Meneja. "Huu ni mzuri kuliko wa Dominiko. Yeye wake ninaujua, una mawimbi kidogo."

"Mawimbi?" alisema Dominiko.

"Kidogo," alisema Meneja. "Huu hauna."

"Mzee ameanza kuzeeka, mkono unachoka," alisema Shamsia, bado amemkazia macho. "Siyo kosa lake. Labda huko Kihonda nimsaidie mishono ya mahali panapoonekana."

Mtu anaweza kukaa kimya juu ya mengi. Dominiko alikuwa na Kihonda mkononi, alikuwa anaishika, na kilichotakiwa kwake kilikuwa kufunga mdomo tu. Lakini alimwona msichana yule amesimama na damu kwenye khanga, anasifiwa kwa mshono bora kuliko yote aliyowahi kupiga maishani mwake, anaupokea, anauweka mfukoni. Kifua kilipasuka.

"Wangu!" alinguruma. "Huo ni wangu! Tazama mwisho wake, hicho kimkia, nani mwingine Morogoro hii anaweza kukikunja? Yeye? Nimepiga mwenyewe, jana, nimelala chali, rodi kanipa Kibwana! Mawimbi! Mawimbi gani?"

Mchanga ulisikika ukimwagika kutoka kwenye kiroba.

"Oho," alisema Kibwana kwa upole. "Kumbe lile trela."

Hakuna aliyecheka.

Hawakumfukuza. Katibu alitaka, lakini Meneja alisema matrela yatatengenezwa na nani. Mwinjuma alimwambia neno moja tu, bila hasira, na hilo ndilo alilolibeba nyumbani: "Alikuwa amechuchumaa pale, mzee. Kichwa chake kilikuwa pale." Dominiko alijua. Alipopata ugali wake jioni ile alisema umeiva vizuri, na Theresia, ambaye habari zilikwisha kumfikia kupitia sokoni, akamwongezea mboga.

Kiunzi cha pili Shamsia alikijenga mwenyewe, na usiku alikifungia stoo kwa Kibwana. Siku ya kukitikisa Dominiko alisema hana nafasi. Alisimama kwenye mlango wa nyuma na tupa ya kusugulia chuma mkononi, kama mtu anayepita. Aliona meza ikienda na kurudi. Aliona chokaa ikibanduka kwenye boriti, kwanza kwa vumbi, kisha kwa magamba, pale pale Mwinjuma alipokwisha kupaonyesha kwa kidole. Boriti zilipinda, zikabaki zimepinda. Nguzo zilibaki nyeupe. Injini ilipozimwa kiunzi kilikuwa kimekaa upande kama mlevi aliyeegemea ukuta, kibaya, cha kuchekesha, na viroba vyote vya mchanga viko juu palepale. Watu walipiga makofi mpaka katibu akavua kofia.

Shamsia alimwona mlangoni, akaja. Kovu la kiganja lilikuwa bado jekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikitazama kiunzi. "Kimepinda."

"Kimepinda."

"Mimi kwangu kitu hakipindi."

"Ndiyo maana nimekuja." Alijifuta jasho. "Jumatatu tunaanza Kihonda. Boriti nitachomelea mimi na vijana wangu. Lakini nguzo sitaki zipinde hata kidogo, na nguzo simwamini mtu mwingine. Mhandisi alikataa kwanza. Nimemwambia nitakaa pembeni yako nikuangalie kila mshono."

"Wewe uniangalie mimi?"

"Mimi."

Dominiko aligeuza tupa mkononi. Milimani wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba, mvua ilikuwa inakuja. Alifikiri juu ya basi la Dodoma. Alifikiri juu ya kukaa miezi akitazamwa na macho yale, chini ya boriti za mtu mwingine, huku watu wakimletea Shamsia maji ya kunywa. Hasira ilikuwa palepale, haikuhama. Lakini na mkono nao ulikuwa palepale, unawasha, unataka chuma.

"Hizo nguzo," aliuliza mwisho, bila kumtazama, "mtu akiwa barabarani, ndani ya basi, anaziona?"

"Za mbele anaziona," alisema Shamsia. "Boriti zinafichwa na dari."

Dominiko alikohoa, akaingia ndani kutafuta miwani yake myeusi.